Mkakati wa TEHAMA usiolala kabatini: anza na kauntabuku

Swali: *Shikamoo mtaalamu. Nina miezi minne tangu niteuliwe kukaimu Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA katika wakala mmoja wa Serikali. Makao makuu yapo Dodoma, kanda ziko saba, watumishi hatufiki mia nne, na kitengoni tuko watano. Mkurugenzi Mkuu ameniagiza nimpelekee rasimu ya Mkakati wa TEHAMA wa miaka mitano kabla maandalizi ya bajeti hayajaanza. Mkakati uliopita nimeukuta kabatini, kurasa 90, sijui nani aliwahi kuusoma. Mifumo nimekuta 14. Mingi haisomani, na mmoja hakuna aliyebaki ofisini mwenye nywila yake ya juu. Menejimenti inataka programu ya simu na akili unde. Wahasibu wanalia kwamba mapato ya kanda hayalingani na ya benki. Kuna mshauri elekezi amejitokeza, anasema atatuandikia mkakati wote kwa bei nafuu. Nimkubalie? Na je, mifumo tujenge wenyewe, tununue, au tutumie ya Serikali? Naogopa kuandika kitabu kingine cha kabatini.*

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa uteuzi, ingawa najua kukaimu kulivyo: lawama unabeba nzima, mamlaka unapewa nusu. Faida uliyonayo ni moja, kwamba bado unashangaa. Ukikaa hapo miaka mitatu, ule mfumo usio na nywila utauzoea kama nguzo ya jengo, hutauliza tena.

Tuanze na mshauri elekezi, maana ndiye mwenye haraka. Usimkubalie kwa kazi hiyo. Kwanza, mtu anayejitokeza mwenyewe na bei mkononi hajashinda zabuni yoyote. Huduma ya ushauri nayo ni ununuzi, inapita NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa kielektroniki, kwa hadidu za rejea mlizoandika ninyi, si alizokuja nazo yeye. Pili, kazi hiyo nimeifanya na nimelipwa kwayo, kwa hiyo najua inavyopikwa. Mshauri anakuja siku kumi, anawahoji wakuu wa idara saa moja moja, anapiga picha chumba cha seva, anaondoka. Kurasa kumi za mbele zinawahusu ninyi. Zinazobaki zilishaandikwa kwa ajili ya wengine. Niliwahi kukabidhiwa mkakati wa taasisi moja ambao katikati yake bado ulikuwa na jina la taasisi ya jirani, na menejimenti ilikuwa imeshaupitisha. Sasa fikiria ulisomwa kwa makini kiasi gani.

Simaanishi washauri hawafai. Mpate wa kazi finyu inayohitaji mkono ambao ninyi hamna: kupima usalama wa mifumo, kuhamisha taarifa kutoka mfumo mzee, kuwasomea mkataba wenye vifungu vya leseni. Lakini uamuzi wa nini kianze na nini kiachwe ukimwachia mtu wa nje, siku atakapoondoka ataondoka na sababu zake, na ninyi mtabaki na jedwali.

Nikirudi kwenye hofu yako ya kabatini: unadhani mkakati ule ulikufa kwa sababu uliandikwa vibaya. Nina shaka. Fungua sehemu ya utekelezaji uangalie safu ya mhusika. Naweka dau kwamba kila mstari umeandikwa "Kitengo cha TEHAMA". Miradi thelathini, arobaini, yote ni ya watu watano walio mwisho wa korido. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, fedha zinakuja za miradi mitatu, na ni ipi hiyo mitatu inaamuliwa na aliyesema kwa sauti kubwa kwenye kikao. Miezi sita baadaye hakuna anayekifungua kitabu, kwa sababu hakijibu swali lolote analoulizwa mtu kazini. Mkuu wa fedha haoni jina lake mle. Mkuu wa huduma kwa wateja haoni lake. Kwao ni shajara yako binafsi.

Kwa hiyo, kabla hujaandika hata kichwa cha habari, nenda kanda mbili. Moja iliyo karibu, na nyingine ile ambayo wenzako wakipangiwa safari wanatafuta udhuru. Ukitanguliza barua ya ziara ya makao makuu utakuta meza zimefutwa vumbi na kila mtu ameshika kipanya, kwa hiyo ongea na mkuu wa kanda kwa simu tu, mwambie unakuja kukaa kaunta siku tatu. Kaa nyuma ya mhudumu. Mfuate mteja mmoja tangu anapobisha hodi hadi anapoondoka na kibali chake, au na ahadi ya kurudi Jumatatu. Hesabu jina lake limeandikwa mara ngapi, na wapi.

Hapo utaiona kauntabuku. Sijapata kuona ofisi isiyo nayo: daftari gumu la jalada jeusi, safu zimechorwa kwa kalamu nyekundu na rula, liko kulia mwa kompyuta au kwenye droo ya juu. Wakaguzi wakija linaingia ndani. Maofisa TEHAMA tukija pia linaingia ndani, kwa sababu tuna tabia ya kulikemea. Usilikemee. Hilo ndilo andiko la kweli kabisa utakalolipata kuhusu mifumo yenu, na mhudumu ameliandika kwa muda wake mwenyewe bila kulipwa posho.

Nikupe mfano wa niliyoyaona. Taasisi ya leseni, sitaitaja. Mfumo wao ulikuwa mzuri machoni, umeunganishwa na NIDA, huwezi kumsajili mteja bila namba ya kitambulisho cha taifa. Kwenye ofisi moja ya wilayani wateja wengi walikuwa vikundi, na kikundi hakina namba ya NIDA. Mhudumu alifanyaje? Aliingiza namba yake mwenyewe, akaandika jina halisi la kikundi kwenye kauntabuku. Kila siku, kwa zaidi ya mwaka. Ripoti ya makao makuu ikaja kuonyesha mtu mmoja anamiliki leseni zaidi ya mia, na mtu huyo ni mtumishi wa Serikali wa ngazi ya chini. Walimwandikia barua ya kujieleza. Alikuja na daftari lake kwenye mfuko wa rambo, akaliweka mezani, akasema, "Mabosi, kila kikundi kipo humu." Na kweli vilikuwepo vyote, na tarehe, na kiasi, na namba za simu. Kasoro ilikuwa ya kisanduku kimoja kwenye fomu, ambacho mtu wa Dar es Salaam alikifanya cha lazima bila kuuliza.

Kwa kila kauntabuku, uliza mambo mawili tu: unaandika nini humu ambacho mfumo hauna, na ulianza lini? Hilo la "lini" lina utajiri. Utaambiwa, "Tangu wiki ile mtandao ulipokatika," au "Tangu kanuni ya tozo ilipobadilika," au "Tangu mkaguzi alipotuomba orodha tukakosa." Kila jibu ni sehemu ambayo kazi na mfumo viliachana. Majibu hayo yakifika kumi na tano, mkakati wako umeshaanza kujiandika.

Chukua hayo mapato yasiyolingana. Menejimenti yoyote ikisikia hivyo inafikiria mambo mawili, wizi au mfumo mbovu, na dawa inayotajwa haraka ni kununua mfumo mpya wa mapato. Subiri kwanza. Malipo yanayoingia Serikalini tangu 2017 yanapita GePG, lango la Serikali la malipo ya kielektroniki. Mfumo wenu unatengeneza ankara, unaituma GePG, inarudi namba ya malipo, ile ambayo mitaani kila mtu anaiita kontrol namba. Mteja analipa benki au kwa simu, taarifa ya malipo inarudi kwenye mfumo wenu, na baadaye inakuja orodha ya ulinganisho. Mnyororo huo ukikatika, kwa uzoefu wangu, hukatika mwanzoni kabisa. Intaneti ya kanda inalala saa nne asubuhi. Wateja sita wako kwenye benchi, mmoja ametoka mbali na basi la kurudi ni saa nane. Mhudumu anampigia mhasibu wa makao makuu, mhasibu anatengeneza ankara kwa mkono moja kwa moja kwenye lango la GePG, anaituma namba kwa WhatsApp. Mteja analipa, anaondoka ameridhika. Fedha zimeingia Serikalini, hakuna aliyegusa senti. Lakini mfumo wenu haukuiona ankara ile, kwa hiyo jalada la yule mteja linasoma "hajalipa" hadi leo. Mwisho wa mwezi benki ina zaidi, mfumo una pungufu, na kanda inaleta jumla ya tatu kutoka kwenye kauntabuku. Ongeza malipo ya jioni ya tarehe 30 yanayoonekana benki tarehe 1, ongeza na kasma, yaani kifungu cha hesabu, iliyochaguliwa kimakosa, ndiyo hayo wahasibu wanayolilia.

Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwenu, mfumo mpya wa mamia ya milioni utaikuta tofauti ileile na kuiacha palepale. Kinachohitajika kinaweza kuwa laini ya pili ya intaneti kwa kanda zote saba, agizo la maandishi kwamba ankara yoyote ya mkono ibebe namba ya jalada la mteja, na mhasibu mmoja anayelinganisha orodha kila asubuhi badala ya kila mwisho wa mwezi. Haya hayapendezi kwenye uzinduzi. Hakuna utepe wa kukata. Ila ndiyo mkakati, na mwenye mradi huo ni mkuu wa fedha, si wewe. Wewe unaleta laini.

Sasa hiyo mifumo 14. Wengi wanahesabu gharama ya mfumo siku ya kuununua tu. Kwenye fani tunakadiria kuutunza mfumo kwa mwaka asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya kuujenga: leseni, seva, marekebisho ya kila kanuni inapobadilika, ujumbe mfupi kwa wateja, mafunzo kwa watumishi wapya. Uliojengwa kwa shilingi milioni 300 utakula hadi milioni 60 kila mwaka. Ukifika mwaka wa tano umeshaulipia mara ya pili. Kibaya zaidi ni jinsi fedha zenyewe zinavyokuja. Kujenga kunalipwa na fedha za maendeleo, mara nyingine za mfadhili, kwa mbwembwe. Kutunza kunategemea matumizi mengineyo, fungu lilelile la dizeli na karatasi, ambalo ndilo la kwanza kukatwa. Ndiyo maana ofisi za umma zina makaburi ya mifumo iliyozinduliwa vizuri kabisa.

Piga na hesabu ya watu. Mko watano. Ukitoa likizo na sikukuu, kila mmoja ana siku kama 220 za kazi, jumla 1,100. Nusu yake inaliwa na printa, nywila zilizosahaulika, projekta za vikao na safari za kanda; unabaki na 550. Gawanya kwa mifumo 14: siku 39 kwa kila mfumo kwa mwaka mzima. Hakuna mfumo muhimu unaoweza kulindwa na kuboreshwa kwa siku 39. Hesabu hiyo iweke ukurasa wa kwanza au wa pili wa rasimu. Nimeona wakurugenzi ambao hawashtushwi na neno "usalama wa mtandao" wakashtushwa na namba hiyo.

Kinachofuata ni kuipunguza mifumo, na hapa ndipo swali lako la kujenga, kununua au kutumia ya Serikali linapopata majibu, maana halina jibu moja kwa mifumo yote. Kazi ambayo kila taasisi ya umma inaifanya sawasawa, usiijengee. Malipo yanayotoka mna MUSE, manunuzi NeST, majalada na barua e-Ofisi, masuala ya utumishi na tathmini ya utendaji PEPMIS na ESS. Kama kati ya 14 yenu kuna wa masjala uliotengenezwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo mwaka 2016, uzikeni kwa heshima baada ya kuhamisha taarifa. Nikuambie na upande wa pili, ili usije ukasema sikukuonya: mfumo wa pamoja una foleni. Ukitaka kisanduku kiongezwe, utaandika barua na kusubiri, na wakati mwingine kisanduku hicho hakitaongezwa kamwe. Kwa kazi za kawaida hiyo ni bei nafuu. Kwa kazi iliyo roho ya wakala wenu, ile inayotajwa kwenye sheria iliyowaanzisha, inaweza kuwa ghali.

Hiyo kazi ya roho ndiyo ya kujenga au kununua. Kujenga wenyewe kunawapa uwezo wa kubadilisha haraka, lakini vijana wazuri wanahama, na wanahama na mfumo kichwani. Ukijenga, msimbo chanzo ukae kwenye hifadhi ya taasisi, si kwenye kompyuta mpakato ya mtu, na kila moduli iwe na watu wawili wanaoielewa. Kama huwezi kuwapata wawili, usijenge. Kununua kunaleta mfumo uliokomaa, lakini soma leseni kwa jicho la mkulima anayekopa pembejeo: inalipwa kwa dola au shilingi, kwa mtumiaji au kwa taasisi, na siku mkataba ukiisha taarifa zenu mnazitoa kwa umbo gani? Mzabuni asiyeweza kujibu hilo la mwisho kwa maandishi, mshukuru, mwite mwingine.

Njia moja usiifuate kabisa, nayo ni kubomoa yote 14 na kujenga mmoja mkubwa utakaofanya kila kitu. Inavutia kwenye mchoro. Uingereza walijaribu kwa hospitali zao: mpango wa taifa wa TEHAMA wa NHS, huduma yao ya afya ya umma, ulianza 2002, ukaendeshwa kutoka juu kwa mikataba mikubwa huku madaktari na hospitali wakishirikishwa kidogo, na 2011 Serikali ikatangaza kuuvunja baada ya gharama iliyokuja kukadiriwa karibu pauni bilioni 10. Estonia, nchi ndogo isiyo na fedha za kuchezea wakati huo, ilifanya kinyume: tangu 2001 wana X-Road, ambapo kila taasisi inabaki na kanzidata yake na mifumo inaulizana kwa njia moja salama. Sisi njia ya namna hiyo tunayo, GovESB ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kabla hujafikiria kuunganisha mifumo yenu kwa waya za kienyeji, uliza kwanza kama taarifa unayoihitaji haipiti humo tayari.

Kuhusu programu ya simu na akili unde, usigombane na mabosi. Waulize tu mteja wenu anakuja kwenu mara ngapi kwa mwaka. Kama ni mara moja, hataweka programu yenu kwenye simu ambayo kila siku inamwambia nafasi imejaa. Tovuti nyepesi inayofunguka kwenye simu ndogo na ujumbe mfupi vitamfaa zaidi, na asiye na simu janja mkumbukeni kwa menyu ya kubonyeza nyota na reli. Akili unde nayo itafanya kazi kwa kumbukumbu mlizonazo. Wakati namba ya NIDA ya mhudumu bado imesimama mahali pa majina ya vikundi mia, itajifunza kwamba nchi ina mfanyabiashara mmoja hodari sana. Ingiza kwenye mwaka wa nne, uandike sharti: baada ya taarifa za wateja kusafishwa. Hujakataa, na hujadanganya.

Kuna ya kisheria ambayo huna hiari nayo. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 inawaweka chini ya usimamizi wa Mamlaka, e-GA, na miradi ya TEHAMA hupelekwa kwao kabla ya kutekelezwa. Watu wanaliona hilo kama kikwazo, wanapeleka andiko dakika za mwisho, linarudi na maswali, mwaka wa fedha unayoyoma. Nenda mapema ukiwa na kurasa tatu tu, kaa nao mezani. Mara nyingi watakuambia taasisi fulani imeshajenga kitu hichohicho. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mnakusanya majina, namba za simu, vitambulisho. Mnapaswa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kujua kila taarifa iko wapi na nani anaiona. Ndiyo, na zile kauntabuku ni taarifa binafsi, na zile namba za WhatsApp pia.

Kamati ya uendeshaji ya TEHAMA ifufueni, na mwombe Mkurugenzi Mkuu aiongoze mwenyewe, asimtume mwakilishi. Ikae kila robo mwaka na ajenda mbili tu: kipi kimekwama, na kipi tunakifunga.

Yapo mambo ya kutosubiri mkakati, na ya kutomwandikia mtu wa mbali kama mimi. Ule mfumo usio na nywila ya juu ni dharura. Hujui nani anayo. Toa taarifa kwa Afisa Masuuli, mwenye dhamana ya fedha na mali za taasisi, kwa maandishi wiki hii, na uombe msaada wa e-GA ana kwa ana. Wakija, wapitie na akaunti zote, maana sina shaka mtakuta aliyestaafu bado anaweza kuingia. Jaribu pia kurejesha nakala rudufu moja kwenye kompyuta tofauti. Usikubali jibu la "backup ipo", taka uione ikifunguka. Ukiona dalili kwamba kuna aliyeingia, kumbukumbu zimefutwa au seva inafanya kazi usiku bila sababu, usiizime wala usianze kusafisha. Itenge na mtandao, piga simu e-GA na TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao, waikute ilivyo. Majirani zetu Kenya waliona Julai 2023 jinsi eCitizen, lango lao la huduma za Serikali mtandaoni, liliposhambuliwa huduma nyingi zikayumba kwa pamoja, kwa kuwa zote zilikuwa na mlango mmoja. Na kama kuna mkataba wa zamani wa mfumo unaowabana, usiandikiane barua pepe na mzabuni kabla mwanasheria wenu hajausoma. Neno moja la kukiri linaweza kugharimu kuliko leseni.

Rasimu yenyewe iwe fupi. Kurasa 20 zinatosha, ukiacha viambatisho. Miaka miwili ya kwanza iandike kwa undani, na kila mradi uwe na jina la cheo cha mwenye nao nje ya kitengo chako, kasma ya kuujenga, na kasma ya kuutunza. Mradi usio na kasma ya pili uondoe, hata kama ameuomba Mkurugenzi Mkuu. Mwonyeshe tu nafasi tupu, atauondoa mwenyewe. Miaka mitatu inayobaki iandike kwa nia, kurasa mbili, na useme wazi kwamba itapitiwa kila mwaka kabla ya kujaza bajeti. Miaka mitano ni mingi kwa kompyuta, na ndani yake huenda mkabadilishiwa hata wizara. Mwongozo wa bajeti wa Hazina ukitoka, miradi yako iwe imeshazungumzwa na mkuu wa mipango, kwa sababu yeye ndiye anayejua ukomo wa bajeti ulivyo kabla wengine hawajaambiwa. Mnywesheni chai.

Kwa Jumatatu, usimpelekee Mkurugenzi Mkuu rasimu. Mpelekee ombi la safari ya siku sita, kanda mbili, na taarifa ya ile nywila. Akikuuliza kwa nini usafiri wakati mkakati unaandikwa ofisini, mwambie mapato ya bilioni ngapi hayalingani, na kwamba jibu liko kwenye droo ya juu kanda ya kusini. Ukirudi niandikie, uniambie ulikuta madaftari mangapi na yalianza lini.